Ndege Yako Umeiacha Wapi?

Kila nikifika kwetu Wambaa, hata begi sijalitua, lazima atokee mtu barazani aniulize ndege yangu nimeiacha wapi. Wengine wanatania, wengine wanauliza kweli kabisa. Nawaambia nimekuja na gari ya 603 kutoka Chake, nimebanwa baina ya bibi mmoja na tenga lake na kijana aliyepakata jogoo, nikashuka njia panda nikamalizia na bodaboda. Hawaamini. Rubani apande daladala? Basi urubani gani huo!

Kwanza niwaweke sawa wadau. Mie si rubani wa yale madege makubwa mnayoyaona yanatua Unguja na watalii. Mie ni mwalimu. Nafundisha watu kurusha ndege ndogo, zile za watu wanne, kwenye kiwanja kilichopo pembezoni mwa Pretoria, Afrika Kusini. Mwanafunzi anakaa kushoto, mie nakaa kulia. Kila mmoja ana usukani wake, lakini usukani wangu mie kazi yangu kubwa ni kujizuia nisiushike. Hilo ndilo somo gumu kuliko yote, na hakuna aliyenifundisha. Unamwona mtu anaishusha ndege kombo, ardhi inakuja, mikono inakuwasha, na wewe unajiambia ngoja, ngoja kidogo, atarekebisha mwenyewe. Na mara nyingi anarekebisha.

Watu wakisikia "mwalimu wa ndege Sauzi" wanaona pesa tu. Yaani kuna jamaa wa Mkoani alinipigia simu nimchangie milioni tatu ya harusi, akashangaa niliponyamaza. Wengi wetu waalimu hatuna mshahara wa mwezi. Tunalipwa kwa saa ya kuruka. Injini ikizimwa, na pesa imezimwa. Ukikaa ofisini kumweleza mtu makosa yake, ukingoja ukungu utoke, ukingoja fundi amalize na tairi, muda huo ni sadaka. Na ukienda likizo, unalipa nauli kutoka mfukoni na wakati huohuo huingizi hata senti. Kwa hiyo safari moja ya kwetu nailipia mara mbili.

Kwa nini basi watu wanafanya kazi hii? Kwa sababu ya hesabu. Sheria za kule zinataka saa zisizopungua 45 upate leseni ya kwanza, ile ya kurusha ndege yako mwenyewe tu. Leseni ya kazi ni saa 200. Leseni ya juu kabisa, ya kuwa kepteni kwenye ndege kubwa, ni saa 1,500. Sasa wewe umetoka na 200 zako, nani akuajiri? Na saa moja ya kukodi ndege ni ghali. Ndiyo tunaingia kwenye ualimu, maana hapo unakusanya saa kwa mafuta ya mwanafunzi. Ni ngazi ile. Watu wanapanda, wanapita, wanakwenda zao. Mie huu mwaka wa nane nipo hapohapo kwenye ngazi.

Siku moja nilimweleza marehemu baba yangu habari hii, tumekaa nje tunaparura samaki. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Sasa hao unaowafundisha, wakishajua wanakwenda wapi?"

"Wanaajiriwa, Baba. Wengine wako Doha, wengine Addis."

"Na wewe?"

"Mie nabaki kuwafundisha wengine."

Akageuza samaki upande wa pili. "Kama nanga," akasema.

Sikujua kama amenisifu au amenicheka. Mpaka leo sijui.

Baba alikuwa mvuvi, na alikuwa na mikarafuu michache upande wa bondeni. Ada yangu ya skuli ya urubani ilitoka kwenye karafuu hizo, kwenye mashua iliyouzwa, na kwa ami yangu aliyeko Maskati, ambaye bila yeye nisingefika popote. Kwa hiyo hizo saa ninazohesabu si zangu peke yangu. Kila nikitaka kwenda nyumbani nilikuwa najiambia, ukienda sasa unazichelewesha. Maliza kwanza. Ukishaajiriwa na shirika, utakuwa na tiketi za punguzo, utakuja kila mwezi. Nilijiambia hivyo miaka mingi sana.

Na kuna jambo la hali ya hewa ambalo watu wa kwetu nikiwaeleza wanacheka. Kiwanja chetu kiko zaidi ya futi 4,000 kutoka usawa wa bahari. Hewa nyepesi. Joto likipanda, ndege inakuwa nzito kama punda aliyeshiba, inakula njia yote ndiyo inyanyuke. Wakati wa joto lao, Novemba mpaka Machi, kila ikifika alasiri mawingu yanajengeka kama ngome, radi na mvua ya mawe, hakuna wa kuruka. Tunaamka alfajiri kuwahi. Lakini ikiingia Mei mpaka Agosti, wakati wa baridi, mbingu inakuwa safi kama sahani iliyooshwa, unaruka kutwa. Hapo ndipo saa zilipo. Mwalimu akiondoka miezi hiyo ni kama mvuvi kulala wakati bamvua linatoa samaki. Na kwetu nako, hapohapo ndipo kunapopendeza: mvua za masika zimekwisha, kipupwe kinavuma, harusi zinafuatana, na kuanzia 2020 mpaka 2025 Idi Kubwa iliangukia Juni na Julai. Kwa ufupi, wakati mzuri wa kuwa Wambaa na wakati mzuri wa kuwa kazini ni wakati mmoja.

Mke wangu hakunifuata. Yeye ni mwalimu wa skuli Chake, ana kazi yake, na kusema kweli mie sikuwa na cha kumwambia aiache aje akae Laudium, kwenye chumba kimoja na jiko, ananingoja nitoke kiwanjani. Tuna binti mmoja, ana miaka sita. Mtoto huyu kanijua kwenye simu. Nikija, siku mbili za mwanzo anazungumza nami huku uso wake umegusa wangu kabisa, kama vile mie ndiye kioo cha simu. Akinichoka ananibonyeza kifuani kwa kidole. "Nakata," anasema, na anakwenda zake kucheza. Mama yake anacheka mpaka machozi. Mie nacheka pia, lakini si sana.

Basi nikaona kama mie siwezi kwenda, waje wao. Nikamleta Mama. Baba alikataa katakata, alisema yeye chombo kisichogusa maji hapandi. Mama akaja peke yake, Julai, wiki tatu. Maskini hakuwahi kuona baridi ile. Asubuhi majani yana barafu nyeupe, yeye akadhani mtu kamwaga chumvi. Siku ya pili nikampeleka dukani akachagua blanketi zito la manyoya, akalivaa juu ya kanga tatu, na hakulivua mpaka anaondoka.

Akataka kuiona kazi yangu. Nikampeleka kiwanjani, nikamweka kwenye benchi karibu na uzio, juani, na chupa ya chai ya tangawizi. Nikadhani atakaa nusu saa achoke. Nimeshuka na mwanafunzi wa kwanza, yupo. Wa pili, yupo. Mkononi ana tasbihi. Nikasema mashaallah, Mama analeta uradi. Saa tisa alasiri nikamfuata twende nyumbani.

"Bado," akasema. "Zimetoka kumi na nne. Zimerudi kumi na tatu."

Kumbe zile punje alikuwa anahesabia ndege! Inayoruka anaisogeza huku, inayotua anairudisha. Nikamweleza kuwa hiyo moja ni ya kijana mmoja Mbotswana, mwanafunzi wangu, amekwenda Polokwane, safari yake ya kwanza ndefu akiwa peke yake, atatia mafuta kule kisha atarudi.

"Mama yake anajua?"

Nikamwambia sijui, yuko Gaborone huko, labda anajua.

"Basi tukae mpaka aje."

Tukakaa. Jua likaanza kushuka, baridi ikaanza kupanda miguuni. Nilikuwa na aibu kidogo mbele ya wenzangu, siwadanganyi. Lakini nilimwelewa. Mama amekaa ufukweni Wambaa jioni zote za ujana wake anahesabu ngalawa zinazorudi. Na Septemba 2011, meli ya Spice Islander ilipozama ikitoka Unguja kuja Pemba na kuua mamia ya watu, Pemba nzima ilikuwa kwenye hesabu hiyo: nani alipanda, nani hakupanda, nani karudi. Mtu aliyepitia siku zile humwambii "atafika tu". Anataka kuona kwa macho.

Yule kijana akatua kwenye saa kumi na nusu. Kutua kwenyewe si haba, magurudumu yalidunda mara moja tu. Anashuka, mapaja yanatetemeka, anakutana na bibi asiyemjua, amejifunika blanketi, amemshika mikono yote miwili anamwambia Alhamdulillah, mwanangu, Alhamdulillah. Hakuelewa hata neno. Akapiga magoti kidogo kama wanavyoamkia wao, akasema asante, kwa Kisetswana. Mama akairudisha punje ya mwisho, akasema sasa twende.

Blanketi lile alilichukua mpaka Pemba. Joto la Wambaa na blanketi la manyoya, jamani! Baba akawa analitandika barazani, analikalia.

Mwaka uliofuata nilipanga kwenda Idi Kubwa. Tiketi nilikuwa nimeshaiangalia. Kisha wanafunzi watatu wakawa wanakaribia mitihani kwa pamoja, mbingu safi, na mie nilikuwa nimebakiza saa chache za ndege ya injini mbili ambazo mashirika wanaziulizia. Mkuu wangu wa kazi hakunizuia, naomba hilo lieleweke. Aliniambia nenda ukitaka. Mie mwenyewe ndiye niliyepiga simu nyumbani nikasema nitakuja Agosti. Baba alipewa simu akasema, "Hewaa, Agosti. Samaki watakuwepo." Hatukuzungumza mengine.

Alifariki wiki ya tatu baada ya Idi, siku ya Alhamisi, kabla ya alfajiri. Kifua kilimbana usiku, hawakuwahi hata kutafuta gari.

Kazini tukiruka simu tunaziacha kabatini. Nilishuka na mwanafunzi wa kwanza saa tatu kasoro kwa saa za kule. Kwetu ni saa nne kasoro, maana tunapishana saa moja. Nikakuta simu kumi na saba. Nikampigia kaka yangu mkubwa. Hakuzunguka.

"Mzee hatunaye. Tumeshamuosha. Tunataka kumzika Adhuhuri, in shaa Allah. Wewe unasemaje, tukungoje?"

Hapo sasa. Mnajua kwetu maiti haicheleweshwi. Lakini kaka ameniuliza, na akiniuliza maana yake ningesema wangoje mpaka kesho wangengoja. Nikasimama pale mlangoni pa hanga, kichwa kikaanza kupiga hesabu chenyewe kama kinavyofanya kila siku. Johannesburg mpaka Dar, saa tatu na nusu. Dar mpaka Unguja, dakika ishirini. Unguja mpaka Pemba, nusu saa. Saa za angani hazifiki tano! Mbele yangu zimeegeshwa ndege sita na zote najua kuzirusha. Na bado nilijua hakuna namna yoyote nitafika Wambaa siku ile, wala asubuhi ya siku ya pili, maana ndege hazipangwi kwa kumngoja mtu.

Nikasema, "Zikeni, kaka."

Akasema, "Haya." Akakata.

Nilikuwa na mwanafunzi wa pili ananingoja, ameshaikagua ndege. Ni yule kijana wa Polokwane. Nikamwambia leo hakuna somo. Mwalimu hatakiwi kuruka akiwa katika hali ile, tunawafundisha hivyo wao, basi na mie nikatii. Aliniuliza kitu kimoja tu: "Ni yule mama aliyenisubiri?" Nikamwambia hapana, ni baba yangu. Hakusema kitu, akachukua ufunguo wa gari yake. Alinipeleka Laudium nikachukua begi, akanipeleka mpaka O.R. Tambo, akakaa na mimi kwenye foleni ya tiketi. Nilikuwa nimemgombeza sana kijana yule, jamani, mwaka mzima. Kuhusu redio, kuhusu kuchelewa. Adhuhuri ya Wambaa ilipofika tulikuwa barabarani. Nilimwomba asimamishe gari pembeni. Akasimamisha, akashuka, akaenda kusimama mbali kidogo mpaka nilipomaliza.

Dar nilifika usiku, nikalala kwa jamaa Kariakoo. Ijumaa asubuhi Unguja. Mchana ndiyo nikapata kiti cha mwisho kwenye ndege ndogo ya Pemba, na kwa kuwa ilijaa nikawekwa mbele, kulia, ubavuni mwa rubani. Kiti changu cha kila siku. Kijana anayerusha hakunijua wala mie sikujitambulisha. Nikaweka mikono magotini. Akaniona macho yalivyo akaniuliza, "Vipi mzee, unaogopa ndege?" Nikamwambia kidogo.

Tukaiona Misali upande wa kushoto, na maji yake yale ya rangi mbili, kisha mikoko, kisha Wambaa yenyewe. Siku zote naambiwa na wageni Pemba ni kijani, na kweli ukiwa juu ni kijani tu, minazi na mikarafuu, na mabati yenye kutu yamejificha humo. Nyumba yetu niliiona. Kulikuwa na watu wengi nje, wamekaa. Ilipita chini ya bawa, ikapotea. Kutoka pale juu mpaka mlangoni, kwa kutua Chake na kutafuta gari, ilinichukua karibu saa mbili.

Nilifika baada ya Alasiri. Kabla ya kwenda ndani nilipelekwa kaburini. Mchanga ulikuwa umeshaanza kukauka juu.

Hitma ya siku ya tatu niliikuta. Mama nilimkuta amekaa eda, chumbani, ile tasbihi mkononi. Sikumuuliza anahesabu nini. Alinishika kichwa akasema, "Umefika." Nikakaa naye mpaka Magharibi. Watu wananiambia usijilaumu, hata ungekuwepo Unguja ungechelewa. Ni kweli. Lakini mie silaumu ile Alhamisi. Nailaumu ile simu niliyopiga ya Agosti.

Tangu hapo nimebadilisha utaratibu, na si kwa raha, msije mkadhani. Nakwenda nyumbani wiki mbili kila baada ya miezi mitatu, iwe mbingu safi iwe mbovu. Idi Kubwa siikosi. Matokeo yake saa zangu zinakwenda mwendo wa kobe. Yule kijana Mbotswana ameshaajiriwa, anavaa mistari begani, juzi kanitumia picha. Mwalimu mmoja niliyemkuta mgeni hapa sasa ndiye mkubwa wangu. Pesa ni kidogo, nauli ni ileile, na mke wangu aliniambia waziwazi kuwa miezi mingine ni yeye na mshahara wake wa ualimu wanaoniweka mie angani. Tulicheka, lakini ni kweli. Kuna watu wananiuliza kwa nini usirudi ukafundishe nyumbani, maana pale NIT Mabibo nako wamenunua ndege za mafunzo. Nimeshaandika barua. Inshaallah. Dar si Wambaa, lakini kutoka Dar mtu ukipigiwa simu asubuhi, Adhuhuri unaweza kuiwahi.

Kesho Jumapili nina wanafunzi wanne, wa mwanzo saa kumi na mbili asubuhi. Jumatano nasafiri. Mama ameagiza tangawizi ya unga ya lile duka la Wahindi Laudium, eti ya huku kali zaidi, na chupa mpya ya chai. Binti yangu meno mawili ya mbele yametoka, kaniambia nisimcheke. Na jirani yetu mmoja wa Wambaa kanitumia ujumbe wa sauti, anataka safari hii nipite chini kidogo juu ya nyumba yake, watoto wanipungie mikono.

Nimemwambia nitakuja na 603.